Mvua Yenye Kitufe

Wahenga walinena, dalili ya mvua ni mawingu.
Hapa Hull dalili ya mvua ni taa ya kijani
na kidole cha Hebblewhite, fundi wa mitambo,
kikibonyeza kitufe saa tatu kasoro robo usiku.
Maji yenyewe hupashwa moto, wachezaji wasishikwe na mafua.
Watazamaji wameloa bure huko barabarani,
wamekung'uta miavuli, wamelipa pauni arobaini
waje kuona mvua.
Kwetu Kondoa ningemweleza nani?

Kisa kilianza kuwa filamu,
filamu ya zamani kuhusu filamu zilipoota ulimi:
nyota mwenye sura ya malaika na sauti ya bawaba kavu,
na msichana nyuma ya pazia anayemwazima koo.
Sasa kimeshuka ukutani, kinakanyaga mbao,
kina jasho, kina visigino, kina maji,
na maji hayajikaushi.
Ndipo ninapoingia mimi.
Mapumziko ni dakika ishirini. Wao wanalamba aiskrimu,
sisi wanne na mopu, na mashine ya kunyonya
inayokoroma kama mjomba.

Ijumaa ya wiki ya pili Imelda Thwaite alipoteza sauti.
Si kwenye kisa. Kweli.
Yeye ndiye anayeigiza yule wa nyuma ya pazia,
na koo lake lilifungwa kama duka siku ya msiba.
Bethan, wa akiba, alikuwa na koo zima
na kifundo cha mguu kilichovimba kama andazi.
Katika wawili wakapatikana mmoja.

Bethan akaketi juu ya ndoo yangu niliyoipindua,
barafu mguuni, kipaza sauti mkononi,
suruali ya jinzi, soksi moja.
Kule kwenye mwanga Imelda akafumbua mdomo
na sauti ikatoka ilikopaswa kutoka,
yaani isikotoka.
Watu mia nane hawakujua.
Mimi nilikuwa hatua mbili, nimeshika mopu kama mkuki,
nikaona jinsi Bethan alivyofumba macho
na kila alipofika kwenye neno «mimi»
akajigusa kifua. Chake.

Niliijua ishara ile.

Mchana mimi ni mkalimani hospitalini.
Kanuni tulifundishwa siku ya kwanza:
usiseme «anasema», sema «mimi».
Asubuhi ile Faida Mushagalusa, wa Uvira,
alilitazama dirisha akasema: Mimi sikatwi mguu.
Nikasema kwa Kiingereza: Mimi sikatwi mguu.
Daktari akanitazama mimi,
akauona mguu wangu mzima, akababaika.
Nimeshafiwa na waume watatu nisiowajua.
Nimejifungua mapacha saa nne, saa sita nikanywa chai.
Nimeumwa figo za watu.
Hakuna anayeniuliza jioni zinarudishwa wapi.

Kwenye kisa, mwishoni, pazia huvutwa
na ulimwengu ukamwona mwenye sauti.
Usiku ule likavutwa, akaonekana Imelda,
midomo ikicheza, machozi ya kweli,
na ukumbi mzima ukasimama kwa makofi,
haki imetendeka.
Nyuma ya pazia la pili, ambalo halina kamba,
Bethan naye alipiga makofi,
sijui akimpigia nani.
Hebblewhite hakugeuka. Alivua kofia tu,
akaiweka juu ya vitufe vyake.

Kisha Bethan akaniambia, Samahani, barafu imeyeyuka.
Nikapangusa na hapo. Maji ni maji.

Nje ilikuwa inanyesha ile isiyo na kitufe,
baridi, ya ubavuni, ya bahari ya huko kwao.
Basi la mwisho lilikuwa limekwenda.
Sikufungua mwavuli mpaka Spring Bank,
viatu vikilia kwek kwek,
na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi
aliyelowa alikuwa mimi.