Mawe ya Bwawa la Tatu

Wiki ya pili ya mvua za Aprili
nilikuwa nafyeka ukingo wa bwawa la tatu,
pale majitaka ya Nakuru yanapolazwa juani
yajitakase polepole kabla ya kuteremka ziwani.
Fyekeo likaenda, likarudi,
na kati ya kwenda na kurudi nyasi zikaruka.

Bata mwitu, domo la njano kama ndizi mbivu,
bawa moja akiliburuta matopeni
mithili ya mtu aliyeteguka bega.
Nikamfuata hatua kumi, ishirini. Bega likapona!
Akapaa, akaniacha na ujinga wangu
mbali na alichokuwa akikificha.

Nikarudi kwa nyayo zangu mwenyewe.
Kikombe cha nyasi kavu, na juu yake blanketi
la manyoya aliyojing'oa kifuani,
laini kuliko malaika mkononi mwa mtoto.
Nikafunua kwa kidole kimoja.
Mayai tisa, yana joto kunishinda.

Hutaga moja moja, wala hayaatamii
mpaka la mwisho litimie.
Ndipo huanza zile siku ishirini na sita,
wazaliwe wote pamoja,
kifungua mimba asimtangulie kitinda mimba.
Dume? Dume lilishaondoka.
Nikafunika haraka.
Khasoa wangu yuko Malava, mwezi wa nane huu,
nami niko hapa na nyasi za watu.

Katika daftari la kazi nikaandika:
*Ukingo wa kusini, hatua sita hazikufyekwa. Pana mawe.*
Bi. Chelagat akasoma, akanitazama juu ya miwani,
akatia sahihi.
Wiki iliyofuata, mawe.
Iliyofuata, mawe.
Ya nne nikakuta mwandiko wake umenitangulia:
*Mawe tisa. Yule wa ng'ombe nimemzuia.*

Siku walipoanguliwa ilinyesha tangu usiku.
Niliwahesabu saba nyuma ya mama,
vidoa vya njano na kahawia vikimezwa na matete.
Yai moja lilibaki viza kiotani. La tisa sijui.
Jumatano mwewe alichukua mmoja, mbele ya macho yangu,
na mama hakusimama kulia, aliwahimiza waliobaki.

Zile hatua sita sasa zimenifika kiunoni.
Fyekeo likifika pale hunyamaza,
likaanza tena upande wa pili.

Jana nimeomba ruhusa ya siku nne.
Bi. Chelagat akauliza, kalamu mkononi: "Sababu?"
Nikamwambia, "Mawe."
Akaandika.