Kipande cha Mihayo

Wanasema somo liko mawinguni.
Hapa Sikonge mawingu tunayajua:
hupita, hutazama karanga zetu,
huenda kunyesha kwa wengine.

Basi tukaligawana kama mbuzi wa ubia.
Milembe alipanda kichuguu nyuma ya zahanati
akapata dakika tisa za mwanzo.
Kapela alinasa za katikati
saa nane za usiku, kwa bando la wasiolala.
Kisha simu kwa simu, bila kupitia Dar es Salaam:
nipe chako, shika changu,
na atoaye hapungukiwi.
Hesabu hiyo baba yangu aliikataa.
Yeye ni mkulima wa tumbaku;
robota likitoka, limetoka.

Lakini mama wa kwenye video amejifungua,
mkono wa mwalimu uko juu ya tumbo lake,
damu haijakoma,
na kiduara kinazunguka,
kinazunguka.

Dakika nne za mwisho
zimo mfukoni mwa Mihayo,
na Mihayo yuko porini siku ya tatu,
anarina asali na wajomba zake.

Ijumaa akarudi, ananuka moshi,
simu yake inanata vidoleni.
Tukailaza kando ya simu ya Milembe.
Hakuna aliyesema neno.
Kipande kikavuka, taratibu,
kama mgonjwa anayejifunza kutembea.

Mkono ukakanda tumbo.
Damu ikakoma.

"Kuna swali?" akauliza mwalimu,
ambaye aliuliza Jumatatu.

Kapela akanyoosha mkono.