Kablanketi

Umeme ulikatika saa moja na robo,
simu ikaufuata kabla ya chai,
na mvua ya Tukuyu, isiyojua kubisha hodi,
ikashuka batini kama mtu anayemwaga mahindi
gunia baada ya gunia, bila kuhesabu.

Nikabaki mimi, ungo wa marehemu mama,
na kilo mbili za kablanketi
nilizonunua kwa Tumpale pale stendi,
aliyeniapia: "Dada, haya hayana jiwe hata moja."

La kwanza nililipata kabla sijakaa vizuri.

Nilitaka kuharakisha. Ndivyo nilivyo.
Kiwandani napima majani ya chai:
kikapu kwenye mzani, namba kwenye daftari, anayefuata!
Miaka kumi na mmoja, na sijawahi kutazama mikono
ya huyo anayefuata.
Basi nikayasukuma maharage kwa kiganja, mafungu mafungu,
macho yakiwa unguoni, moyo kwenye deni la vikoba,
kwenye maneno ya Ambwene juzi usiku,
na kwenye jibu kali, zuri, ambalo ningempa
kama lingenijia juzi.

Baba alivunjika jino kwa haragwe.
Si haragwe, ni jiwe lililovaa kama haragwe.
Ilikuwa Pasaka. Meza nzima ikanyamaza.
Mama akainamia sahani yake.
Baba akatema kiganjani, jiwe na kipande cha jino,
akavitazama kama mtu anayehakiki chenji,
akasema, "Hili nalo limetoka mbali,"
akaendelea kula kwa upande wa kushoto.
Alikula kwa upande wa kushoto mpaka tukamzika.

Nikapunguza mwendo.

Sijui ilikuwa saa ngapi; saa ilikuwa ndani ya simu.
Niligundua hakuna maharage mawili yenye mistari sawa.
Hili, zambarau yake inateremka kona kwa kona
kama barabara ya kwenda Kyela.
Hili limechorwa na mtu aliyeitwa katikati ya kazi
asirudi.
Na hili lina tundu, na mlangoni pa tundu
amesimama mdudu, mwenye nyumba,
ananitazama kana kwamba mimi ndiye mpangaji.
Nikampeleka dirishani kwenye ncha ya kidole.
Akagoma kushuka. Nikamsubiri.
Lini tena nilimsubiri mtu
bila kutikisa mguu?

Lusajo wa jirani akaja kuomba moto,
kiroba kichwani, kopo bovu mkononi.
"Unatafuta nini, mama mdogo?"
"Mawe."
"Ukishayapata unayafanyia nini?"
"Natupa."
Akachuchumaa kwenye kirundo changu cha aibu,
akayageuza moja moja, akachagua jekundu,
akalifuta kwa shati, akalitia mfukoni.
"Hili zuri," akasema,
akatoka mvuani na makaa yake mawili
ameyakinga kwa kifua kama kifaranga.

Mpaka sasa sijui aliona nini.
Nilirudi kutazama yaliyobaki. Yalikuwa mawe.

Sisemi kwamba Jumatatu nitakuwa mtu mwingine.
Jumatatu kutakuwa na foleni, vikapu vimelowa,
na msimamizi atapita akigonga saa yake kwa ukucha.
Nasema tu kwamba chungu kilichemka mchana kutwa
na nilikisikia kikichemka.

Ambwene alirudi magharibi, amelowa hadi soksi.
Lile jibu langu nililitafuta. Halikuwapo.
Labda nililimwaga pamoja na maganda.
Nikampa bakuli. Akala kimya,
kwa hadhari, kwa upande mmoja,
kama wanavyokula watu wote wa nyumba hii tangu Pasaka ile,
hata aliyeoa akaikuta habari tu.

"Tafuna pande zote," nikamwambia.
Akaniangalia.
Halafu akatafuna.