Pindo la Bati

Kazi ilisema: chagua kitu kimoja kilichosanifiwa.
Maneno elfu mbili. Taja msanifu, mwaka, malighafi.
Wenzangu walichagua viti vya Denmaki,
taa ya Mtaliano fulani,
mashine ya kahawa ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuigusa.
Mimi nilichungulia chini ya kitanda, chumbani kwangu Ngara,
nikaliona sanduku langu la shule,
NYAKERARIO kwa rangi nyeupe juu ya kifuniko,
ile O ya mwisho imebanwa pembeni
kwa kuwa mchoraji alianza kwa mbwembwe, akaishiwa na bati.

Nililipima kwanza, kama tulivyofundishwa.
Urefu, upana, kimo. Nikaandika: samawati, iliyopauka.
Nikaandika: bidhaa rahisi.
Neno hilo nililikata siku tatu baadaye,
lakini daftarini bado linasomeka.

Kamukunji huulizi swali ukalimaliza,
nyundo zinakukatiza.
Kilungya alinipa kigoda na pamba ya masikio,
akaendelea na kazi yake.
Alichora kwa msumari juu ya bati lenyewe.
Mchoro hana. Ana fimbo moja
yenye alama tano za msumeno:
hii kimo, hii upana, hii bawaba,
hii ya kupita chini ya kitanda cha bweni.
"Na hii ya tano?"
"Ya shule moja iliyofungwa. Siwezi kuifuta,
fimbo itakuwa fupi."

Nikamwuliza nani alilisanifu sanduku.
Akanitajia bei.
Nikauliza tena, kwa sauti ya mnada,
naye akaweka nyundo chini, akakamata kidole changu,
akakipitisha ukingoni mwa kifuniko, polepole,
pembe hadi pembe.
Mviringo. Laini kama pindo la leso.

"Zamani hapa palikuwa panakata," akasema.
"Mtoto anatafuta soksi, taa zimeshazimwa,
asubuhi shuka lina damu.
Shitemi ndiye aliyeanza kulikunja mara mbili.
Binti yake alirudi likizo na kidole kimefungwa kitambaa.
Mzee hakusema kitu. Akakunja.
Tukamcheka, anapoteza bati.
Kufikia muhula uliofuata mstari mzima ulikuwa unakunja."

"Mwaka gani?"

"Mwaka ule binti yake alipokuwa kidato cha kwanza."

Nilinyamaza.
Miaka minne nimelifungua sanduku hilo gizani,
nikipapasa sabuni, barua, mkate uliofichwa,
sikukatwa hata mara moja,
na sikujiuliza kwa nini.

Rasimu ya kwanza ilirudi na wino mwekundu.
Daktari Obura ana mwandiko mzuri, hilo nikubali.
*Shitemi yupi? Chanzo kiko wapi?*
Nilipekua makabrasha, ripoti za viwanda, katalogi za maonyesho.
Nilikuta uzito wa bati, ushuru wa bati,
tani za bati zilizoshushwa bandarini.
Pindo, hapana.

Nikarudi kwa Kilungya kuuliza jina linaandikwaje.
Hakuniandikia karatasini.
Aliokota kipande kilichobaki cha bati
akakwangua kwa msumari, ulimi nje kama mtoto wa darasa la pili:
SHITEMI. Chini yake, bila kuulizwa,
akaongeza jina la binti.

Ukurasa wa mwisho wa insha yangu unasema:
*Kiambatisho. Bati, sentimita tisa kwa nne.
Kingo hazijakunjwa. Shika kwa uangalifu.*

Insha imerudi jana.
Alama sitini na nane, na alama ya kuuliza
ambayo imefutwa, nadhani, kwa kifutio.
Pembezoni mwa kiambatisho kuna doa dogo, la hudhurungi,
limeshakauka.
Si wino.