Maji ya Kiyoyozi

Hapa Seeb, mwezi wa saba,
hata kivuli kinatoa jasho.
Naanika nguo kabla ya jua,
na nikifika kipande cha mwisho
cha kwanza kimeshakauka kama dagaa.

Mwaka wa kwanza nilikauka hivyo hivyo.
Nilikuja na Yesu wa mama yangu,
nimemfunga kwenye kanga pamoja na mbegu za maboga,
nikamsahau humo.
Sikumkana, la.
Nilikuwa na pasi. Nilikuwa na watoto wanne wa watu.
Nilikuwa na bati la Tukuyu la kulipia.
Kila usiku nilihesabu riali, nikazigeuza shilingi,
nikalala na jumla.
Jumla haina mikono. Haimkumbatii mtu.

Kisha Ijumaa moja nikapewa ruhusa
(Jumapili yetu huku huangukia Ijumaa),
nikafika Ghala, kwenye ua wa makanisa.
Waswahili tunapewa ukumbi saa nane,
Wamalayali wakishatoka,
viti bado vina joto lao.
Mahubiri siyakumbuki.
Nakumbuka dereva wa lori la maji, mtu wa Musoma,
akisoma matangazo, akakwama kwenye jina la marehemu,
akalirudia mara tatu, halafu akakaa.
Nakumbuka mama wa pembeni yangu:
hakuniuliza natoka wapi,
alimenya chungwa katikati ya sala
akanitia nusu kiganjani.
Nikafumba macho na chungwa langu.
Maji yake yakanitiririka mpaka kiwikoni,
na ya machoni yakayafuata.
Nilijua tu kwamba nimeitwa,
Tusekile, kwa jina langu zima,
na aliyeniita hakutaka nimpikie kitu.

Usidhani maisha yalibadilika.
Pasi ni ile ile. Kitanda changu kiko stoo,
kati ya gunia la mchele na mti wa plastiki.
Ila nilianza kusikia vitu.
Kiyoyozi cha bwana, kwa mfano, juu ya paa:
to, to, to,
usiku kucha, juu ya saruji.
Nikatega ndoo. Asubuhi ilikuwa imejaa.
Nikapanda mrehani kwenye kopo la maziwa.

Hapa sihubiri.
Sheria naijua, na adabu naijua zaidi.
Lakini paa la jirani limepakana na letu,
na huko huanika Kemunto, binti wa Kisii,
miezi mitatu mshahara wake ni maneno matupu.
Siku moja akaegemea ukuta:
“Huo unakunywa maji gani, katika moto huu?”
“Ya kiyoyozi.”
“Ya bure?”
“Ya bure. Yalikuwa yakimwagika siku zote.
Mimi ndiye sikuwa na ndoo.”
Akanyamaza, akakung'uta shuka, akalikung'uta tena.
Kisha, bila kunitazama:
“Wewe Ijumaa huwa unaenda wapi?”

Nikampitishia kopo juu ya ukuta,
na nusu ya chungwa.

Bibi Rayya, mama yake bwana,
aliyezaliwa Mkoani akaja huku msichana,
Kiswahili chake bado kina karafuu.
Alinisikia usiku, ngazini, nanong'ona.
“Wazungumza na nani huko juu?”
Moyo ukanidunda.
“Na Mola wangu, Bibi.”
Akafikiri. Tasbihi ikapita punje mbili, tatu.
“Basi mtajie na haya magoti yangu.
Anayajua. Lakini mkumbushe.”

Sikumwongezea neno. Kulikuwa na la kuongeza?
Tangu usiku ule
sala yangu ina magoti mawili zaidi.

Jana ameniomba tawi la mrehani alaze mtoni,
anasema linanukia kwao.
Nikamkatia refu.