Ua la Uani

Nyumba yetu iko upande unakolala upepo
ukitoka kwenye dohani ya kiwanda.
Miaka na miaka moshi ulishuka Lubumbashi
kama mgeni asiyebisha hodi,
ukaketi juu ya mabati, juu ya nguo kambani,
ukajizika udongoni.

Mama alipanda mahindi. Yakatoka manjano,
mafupi, kama watoto walioamka na homa.
Alipanda matembele. Alipanda hata vitunguu.
Mwaka wa tatu akakung'uta jembe,
akaliegemeza ukutani, lisishuke tena.

Kitu kimoja tu kiliota bila kuombwa:
shina la pembe nne, kama limerandwa na seremala,
kimo cha goti la mtoto,
kichwani zambarau isiyozidi ukucha.
Ukilifikicha linanukia karibu na mnanaa, si mnanaa.
Mama aliling'oa kila Jumamosi.
Jumamosi iliyofuata lilikuwa limerudi, na nduguze.

Ua la uani, tuliliita,
uani ambamo udongo huua.

Nilikuwa na miaka kumi na ubishi mwingi.
Nikalihurumia. Nikatafuta kopo la nyanya,
nikalijaza udongo wa kichuguu kutoka njia ya Kipushi,
samadi ya mbuzi, maji ya kisima,
nikazitia mbegu zake humo, kama anayemhamisha yatima
kwenye nyumba yenye dirisha.
Siku ya kumi na mbili shingo zote zilikuwa zimelala.
Ukungu mweupe, laini kama pamba,
ulikuwa umezikamata miguuni.

Nilielewa nikiwa mkubwa:
shaba iliyoua mahindi iliua na ukungu.
Sumu ya jirani lilikuwa blanketi lake.

Kisha akaja mjomba Kisimba kutoka machimboni,
viganja vimepasuka. Hata salamu hakutoa.
Alilitazama ua
jinsi wengine wanavyotazama noti iliyoanguka njiani.
"Dada, mnalala juu ya pesa.
Wahenga wafua shaba walilifuata ua hili
kabla ya reli, kabla ya hiyo dohani."

Wiki ile tulikula bukari kando ya shimo.
Likamfika kiunoni, likamfika kofiani.
Jiwe la kijani hata moja, hakuna.
Ua halikusema uongo. Mjomba alilisoma kinyume:
shaba yetu haikupanda kutoka chini,
ilishuka.

Juzi alipita mtu mwenye daftari na glavu.
Alilipiga ua picha, akalisifu,
akatugeukia: "Nanyi pia mmezoea."

Umba, binti yangu, alikuwa amechuchumaa ukingoni,
analamba vumbi la biskuti vidoleni,
na vumbi lisilo la biskuti.

Nilitaka kumjibu yule bwana.
Kwamba ua lilipewa maelfu ya misimu ya mvua,
na waliokufa katikati hakuna aliyewapiga picha.
Kwamba Umba ana miaka sita.
Nikasema tu, "Umba, kanawe."

Akaenda, anaburuta kandambili.
Mvua ya Oktoba imenyesha mara mbili sasa.
Zambarau imelizunguka shimo lote, ukingoni tu.
Chini kabisa, ambako moshi haukufika,
mama ameshuka kwa ngazi, mzee vile,
na kupanda boga.