Neno Zima

Mnara wa nne, Mwakirunge, saa tano kasorobo.
Chivatsi yuko juu, mita themanini,
ndani ya kile chumba nyuma ya mapanga.
Mimi chini mlangoni, karibu na swichi,
redio begani ikikwaruza
kama mwiko kwenye ukoko.

Akauliza: "Imezima?"
Upepo ukala irabu mbili tu.
Nikapata salio: "Mzima?"
Nami ni mtoto wa Kisauni, nimefunzwa
salamu hairudishwi nusu.
"Mzima! Wewe je?"
Kule juu kikafika kipande, "...zima,"
mkia bila kichwa.
Akafungua kifuniko.

Mtambo ulikuwa haujazima.
Ulikuwa umetulia tu,
kama paka wa soko la Kongowea
anavyofumba jicho moja kando ya samaki.

Iliyokwenda ni glavu.
Vidole vilibaki na mwenyewe.
Alishuka ngazi kwa ngazi, akasimama mbele yangu,
akaniuliza, mdomo kwa sikio, bila redio:
"Ulisema nini?"
Sikuweza kulirudia.

Fomu ya ofisi ina kisanduku: *Kosa la nani?*
Kidogo, kinatosha jina moja.
Mghoi, msimamizi wetu, alikikata kwa kalamu
akaandika pembeni: *Neno lilipotelea wapi?*
Tukakaa sakafuni mwa kontena
tukayachambua maneno kama mchele wa mawe.
*Funga* na *fungua*:
u moja tu kati ya mkono na mashine.
*Tayari* ya Ekiru ni nimemaliza,
*tayari* ya Okelo ni naanza,
na wamefanya kazi pamoja miaka miwili!
*Zima* tulilifuta kazi siku ileile.
Sasa ni "kata umeme,"
na jibu ni "umeme umekatwa, mnara wa nne,
ufunguo ninao mimi."

Shekuwe wa getini,
asiyepanda hata stuli kubadilisha balbu,
akatutungia ubeti. Uko mlangoni, rangi nyekundu:

*Ukiitwa taja jina, usijibu ovyo ovyo,*
*neno lirudishe tena, kamili vile lilivyo;*
*"sawa" haina maana, husemwa hata kwa sivyo,*
*na kimya si jibu, bwana, usikichukue hivyo.*

Wiki ya kwanza tulichekana.
Okelo akiagiza chai: "Narudia,
chai mbili, moja haina sukari."
Hata nyumbani, mume wangu akisema
mbaazi na mahamri sita,
namjibu mbaazi, mahamri sita,
ananitazama kama nimerogwa.

Glavu imetundikwa msumarini,
kidole cha kati kimechanika hadi kiganjani.
Chivatsi huigusa kabla ya kupanda. Hasemi kitu,
na hakuna anayemwambia aseme.

Leo yuko juu tena.
Ameniomba niwashe, nadhani.
Nadhani.
Nabonyeza: "Chivatsi, mnara wa nne, rudia."
Upepo.
"Chivatsi, rudia."
Kitu kama "wa," kitu kama "sha,"
au ni mapanga ya jirani yanakata hewa.
Mghoi anatazama saa, lakini hanihimizi.
Mkono nimeutia mfukoni, umeushika ufunguo.
Nasubiri neno zima.